Chafya Kati ya Majina Mawili

Jioni hiyo mama alikuwa amenituma omena, wale dagaa wa ziwani. Kazi ndogo tu: nifunge duka mapema, nipitie sokoni, nifike nyumbani kabla giza halijaingia. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi mtaani kwetu Free Area, na fundi wa laptop bila stima ni mtu wa kufukuza nzi. Simu yangu ilikuwa imezima. Kompyuta ya duka ilikuwa kabati tu. Nilikuwa na kufuli mkononi niliposikia mtoto analia nyuma yangu.

Kilio chembamba. Kilio cha mtoto aliyechoka kulia.

Niligeuka nikamwona mama wa makamo, amefunga mtoto mgongoni kwa shuka, koti lake limelowa mvua. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko laptop nzee, nene, ya wakati ule laptop zilikuwa zinabebwa kama jiwe la kusagia.

"Wewe ndio Joash?"

"Ndio mimi, mathe. Lakini hakuna stima. Kuja kesho."

"Iko na chaji kidogo. Nimetoka Mau Narok." Alimtikisa mtoto taratibu. "Huyu hawezi ngoja kesho."

Mimi si mtu wa huruma nyingi. Wateja wamenifundisha. Kila mtu ana haraka, kila mtu ana mgonjwa. Lakini nilimtazama yule mtoto. Alikuwa na miezi miwili hivi, na uso wake ulikuwa wa mzee. Nikaweka omena kando moyoni, nikafungua mlango tena.

"Unaitwa nani, mathe?"

"Mama Chepngeno." Akakaa. "Chepngeno mwenyewe tumezika, akaacha huyu. Lakini bado naitwa hivyo."

Nilimwambia pole. Alifungua laptop akanionyesha video moja katikati ya skrini.

"Inakwama," alisema. "Nataka iende bila kukwama. Hiyo tu."

Niliicheza. Video ilikuwa safi, ya HD kamili, imechukuliwa na simu ya kisasa. Ndiyo taabu yenyewe. Ukiipa laptop nzee picha nzito namna hiyo, inakuwa punda aliyebebeshwa lori. Sauti ilikuwa inakimbia mbele, picha inabaki nyuma, inaganda, inaruka. Niliona chumba cha mabati, wanawake wazee wamekaa, mvua inapiga juu. Kisha kukwama. Kisha mtoto mchanga kwenye mapaja ya bibi mmoja. Kukwama tena.

"Kwani hii video ni ya nini?"

Akanieleza kwa sauti ya chini, huku akimpapasa mtoto. Kwao, mtoto akizaliwa, wazee wa kike hukaa wakaita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina la aliyerudi likitajwa, mtoto hupiga chafya. Hilo ndilo jina lake la rohoni. Hata kwetu Wajaluo mfu huja kwa ndoto akadai jina, kwa hivyo sikucheka.

"Mimi niliona amepiga chafya kwa Kogo Tabutany, yaani nyanya Tabutany," alisema. "Mama ya Kimaiyo, huyo baba ya mtoto, akasema hapana, ni kwa Kogo Tapkili. Mvua ilikuwa nyingi, chafya haikusikika, ilionekana tu. Mtoto ni wao, wakampa la Tapkili. Tangu siku hiyo hanyonyi vizuri. Hospitali wamempima, hawaoni kitu. Anakataa jina, Joash. Mtoto akikataa jina…"

Akakaza shuka.

"Na simu iliyochukua hii?"

"Wifi ya Chepngeno aliiangusha kwa choo. Hii nakala tu ndio imebaki. Laptop ilikuwa yake, ya college. Kila nikiangalia, chafya inakuja mahali pengine. Leo kwa Tabutany, kesho kwa Tapkili."

Nikaelewa. Sauti na picha hazikuwa zinakwenda pamoja, na katikati ya zile mbili kulikuwa na mtoto anayekauka.

Nilianza kazi. Kwanza nilipuliza feni, na vumbi la shamba likatoka pamoja na punje za ngano. Nikazima programu zote zilizokuwa zinakula nguvu chini kwa chini. Nikaondoa ile hali ya kubana betri, maana mashine ikibana betri hujifanya mgonjwa. Nikaweka pleya nyepesi kutoka kwa flashi yangu, nikaelekeza kadi ya picha ibebe mzigo badala ya kumwachia prosesa peke yake. Betri ilikuwa inashuka nikiitazama.

"Tutaona mara moja tu," nilimwambia. "Halafu itazima."

"Mara moja inatosha."

Nje kulikuwa kumeanza kuwa giza. Mtoto alikuwa bado analia kilio chake chembamba. Nikabonyeza.

Ikaenda.

Ikaenda laini kama maji ya mfereji. Hakuna kuganda, hakuna kuruka. Mvua kwenye mabati. Moshi wa jiko. Bibi aliyemshika mtoto, akanionyesha, alikuwa mama ya Kimaiyo. Mama Chepngeno alikuwa amekaa karibu na kitanda, mikono kwenye magoti. Na kitandani, chini ya blanketi, msichana mwenye uso uliofifia.

"Ndio yeye," Mama Chepngeno alinong'ona. "Ndio mtoto wangu."

Akagusa skrini kwa kidole kimoja. Nilitazama pembeni, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sikuwa na haki ya kuutazama.

"Kogo Tabutany," bibi aliita kwenye video.

Mtoto akatulia. Hakupiga chafya.

Mama Chepngeno aliguna. Kumbe hakuwa yeye aliyekuwa sahihi. Nikangoja jina la pili.

Ndipo nikasikia harufu. Tumbaku ya kunusa, ile ya wazee wa zamani… kali, mbichi, ndani ya duka langu ambamo hakuna mtu anayenusa tumbaku.

Na kabla bibi hajafungua mdomo, sauti nyingine ikaita. Karibu sana. Taratibu.

"Chepngeno…"

Mtoto kwenye video akapiga chafya.

Kitandani, msichana akainua kichwa.

"Eeh, mama?" akaitika.

Kisha akalala tena. Wale wazee hawakugeuka hata mmoja. Bibi akaita, "Kogo Tapkili," akamwona mtoto bado amekunja pua, wote wakapiga vigelegele.

Nilitazama midomo yao. Video ilikuwa safi, ungeweza kuhesabu meno ya mtu. Hakuna mdomo uliokuwa umelitaja jina lile.

"Nani ameita?" niliuliza.

Mama Chepngeno aliondoa kidole kwenye skrini.

"Hiyo sauti ni yangu."

"Lakini mdomo wako umefungwa. Si unaona?"

"Naona."

Video ilikuwa inaendelea, wanawake wanaimba, na msichana kitandani hasogei.

"Alikuwa ametoka damu nyingi," alisema hatimaye. "Alikuwa anasinzia, na wote walikuwa wanaangalia mtoto. Nikaogopa. Nikamwita. Lakini kwa roho, Joash. Kwa roho tu! Niliogopa kusema, kwa sababu hapo huitwi kama uko hai. Hapo wanaitwa wafu. Kila mtu anajua. Hata mtoto mdogo anajua…"

"Mathe…"

"Na yeye aliitika. Alisikia, akaitika." Akashika mdomo wake kwa viganja viwili. "Hakuona Jumapili ya wiki hiyo."

Nilisema pengine ni mwangwi, rekodi za simu huchanganya sauti. Nilidanganya na alijua. Moyoni nilikuwa najiuliza jambo baya zaidi: kama ni moyo wake ulioita, au kama kuna kitu chumbani mle kilichoiazima sauti yake.

Skrini ikazima. Giza likabaki, na harufu ya tumbaku, na mtoto analia.

Nilisikia akimfungua mgongoni, akamleta kifuani. Akamshikilia hapo, na nilijua anapigana na nini. Akilitaja lile jina, basi binti yake aliitwa kati ya wafu akiwa hai, na aliyemwita ni yeye. Asipolitaja, atazika wa pili.

"Chepngeno," alisema.

Kilio kikakatika.

Katika giza lile nikasikia chafya ndogo. Kisha sauti ya chupa, na mtoto anavuta maziwa kwa pupa, anapumua kwa pua, anavuta tena. Na juu ya sauti hiyo, nyanya yake analia polepole, kwa kilio ambacho sitaki kukisikia tena.

"Karibu nyumbani, mama," alikuwa anamwambia. "Nisamehe. Karibu."

Sikumtoza chochote. Nilimsindikiza mpaka stendi, akapanda gari na mtoto amelala. Laptop aliniachia. Alisema hataki kuiona. Sijaiwasha.

Nilinunua omena, nikaenda nyumbani. Nilipofika mlangoni nikamsikia mama ananiita kutoka ndani, kwa sauti yake ile ya upole.

"Joash…"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikamkumbuka msichana aliyeitika, nikaufunga. Nikasukuma mlango pole pole.

Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, taa ya mafuta inawaka kando. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Mtoto wa Mau Narok ananenepa, nasikia. Namshukuru Mungu. Lakini mimi siitiki tena. Mama akiita akiwa jikoni, nasikia, nanyamaza. Anaita mara ya pili. Anaita mara ya tatu, na sauti yake inaanza kuwa na huzuni, maana ni mzee na hana mwingine wa kumwita. Naogopa siku atakayoniita akiwa ameanguka. Lakini nakaa hapo hapo mpaka atokeze mlangoni na mwiko mkononi, niuone mdomo wake.

"Joash, wewe masikio yako yameharibika?"

"Ndiyo, mama," namjibu. "Yameharibika."

Naye ananitazama kwa huruma, anarudi jikoni.