Makovu ya Herufi Nene

Kiwanda chetu kilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kuchapia katikati. Mjomba alichapa. Baba, shemeji yake, alichonga herufi za mbao: nene, pana, zenye miguu ya mraba kama matofali. Mteja akija kuagiza bango, haulizi mengine.

"Nipe zile za shemeji yako."

Mjomba ndiye aliyemfundisha baba kushika patasi. Simhukumu. Kuzidiwa na uliyemfundisha ni mwiba usiotolewa kwa sindano.

Mchana mmoja baba alitoka kwenda kula. Mjomba akachukua msumari akazikwaruza herufi zote, moja baada ya nyingine, kisha akachapa bango la duka la viatu. Penye makovu wino haukushika. Herufi zilitoka na madoa meupe, kama zilizokula chumvi nyingi.

Mwenye duka alipokuja, mjomba akasubiri lawama.

"Ala! Leo mmenipa kitu kilichoishi," alisema yule mtu. "Shemeji yako ana mkono, bwana. Wewe umebaki kusukuma mashine tu, eh?" Akacheka.

Wiki ile wateja walifurika, wote wakimsifu baba.

Baba alipitisha kidole juu ya makovu. Hakufoka. Alimnong'oneza mjomba, "Shemeji, umezionea wivu, nimekuelewa. Lakini hizi zina wivu kukuzidi. Usiziguse tena."

"Acha utani wako."

Kesho yake mchana mjomba alirudi na msumari. Alikwaruza kwa nguvu. Hakikutoka hata kipande cha mbao. Akaigeuza herufi kwenye mwanga. Laini. Akashika nyingine. Laini. Zote zilikuwa laini, kama zimechongwa asubuhi ile.

Akayumba. Akajishikiza mezani, kiganja juu ya karatasi nyeupe. Kiganja kilikuwa kikavu. Hakikuwa na wino.

Alipokiinua, mkono wake ulikuwa umechapwa pale, mweusi, mnene. Ulikuwa na makovu yaleyale. Akaitazama ngozi yake: nzima. Akagusa karatasi nyingine. Mkono uleule. Kovu moja zaidi.

Mama anasema alimkuta ameketi sakafuni, karatasi zimemzunguka. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni na karatasi moja mkononi.

"Huu mkono ni wa nani? Nataka bango lenye huu. Zile herufi sizitaki tena."

Mjomba akatabasamu. Mama, dada yake wa tumbo moja, hapendi kulisimulia tabasamu lile.

Alichapa mkono wake miaka sita, hadi vidole vikawa havitoi chochote kwenye karatasi isipokuwa weupe. Kisha tukamzika.

Mwezi uliopita baba, mzee sasa, alimaliza kuchonga seti mpya ya herufi. Jirani mmoja akazisifu. Jioni mama akafungua bunda la karatasi lililokuwa bado limefungwa kama lilivyotoka dukani. Karatasi ya juu ilikuwa safi. Ya pili pia.

Ya tatu ilikuwa na mkono uleule mnene wa mjomba, vidole vyote vitano vimekamilika, hauna kovu hata moja. Mama aliugusa. Wino ulikuwa mbichi.