Sponji ya Baba

Kila alipotoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Chiriku alilifuta vumbi gitaa la besi la marehemu baba yake. Walimwita binti huyo Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, ila mbele ya gitaa lile alinyamaza kimya. Lilikuwa na miaka mitatu ukutani. Mama hakuligusa kamwe. Alilitazama tu, akashusha pumzi, akaendelea kupiga pasi.

"Laiti ningeisikia tena ile dumu-dumu yake," mama alisema siku moja. Maneno hayo yakamkaa Chiriku moyoni.

Basi akaona kwenye simu kijana aliyechimba gitaa kuukuu, akalitia kinasa sauti cha pili, kile kidude cha kunasa mlio wa nyuzi, likanguruma hadi madirisha yakatikisika. Haa! Kumbe rahisi hivyo? Kwa akiba yake yote akanunua kinasa sauti na nyuzi mpya. Jumamosi, mama alipokwenda sokoni, akashika patasi. Aling'oa nyuzi nyeusi zilizochakaa pamoja na kipande cha sponji chafu kilichobanwa chini yake, akachimba mbao, akaunganisha waya kama alivyoona.

Alipolipiga, lililia kwenge! kwenge! kama sufuria iliyoanguka. Baba hakuwemo kabisa. Chiriku alilia mpaka kwikwi zikamshika. Alitaka kuligeuzia gitaa ukutani, tundu lisionekane, lakini mama aliporudi akashindwa kumficha.

"Umelichimba gitaa la baba yako?" Mama alikaa chini bila kutua kikapu. "Ulitaka nini, mwanangu?"

"Nilitaka umsikie, mama."

Mama hakuweza hata kugomba. Alimpigia simu fundi wa magitaa, aliyewahi kupiga muziki katika bendi moja na baba. Fundi alifika, akainama, akatikisa kichwa.

"Sponji yake iko wapi?"

"Ile chafu? Nimeitupa kwenye ndoo ya taka."

"Wee! Kimbia!"

Chiriku aliitoa katikati ya maganda ya vitunguu. Nyuzi kuukuu alizivuta kutoka uvunguni.

"Sponji hii baba yako aliikata kwenye godoro lake mwenyewe, ili besi isipige kelele," fundi alisema akizirudisha. "Na nyuzi hizi hakuzibadilisha miaka ishirini. Sauti yake ilikuwa humu humu."

Akalipiga. Dumu, dumu, dumu. Mama alifunika mdomo kwa kiganja.

"Ndiye," akanong'ona. "Ndiye kabisa."

Fundi alipapasa tundu. "Nyuzi zimerudi, sponji imerudi. Mbao hairudi, binti yangu. Nitaliziba, lakini kovu litabaki. Kitu cha zamani usikifanyie jambo usiloweza kulitengua. Na kabla ya yote, uliza."

 Mama akamvuta Chiriku karibu.

"Na siku nyingine ukimkumbuka baba yako, acha patasi, uje kwangu," alisema. "Mimi pia namkumbuka."