Mlio wa Chumba cha Bibi Biira

Kila alasiri aliporudi kutoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Kabugho alipitia nyuma ya nyumba kusuuza madebe ya maziwa. Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, hapo Bwera, kando ya barabara inayoshuka kwenda mpakani. Mama yake, Musimenta, alipima maziwa kwa kikombe cha plastiki, na wateja, wengi wao wakiwa wamevuka kutoka Kongo, walingoja zamu huku wakipashana habari.

Friza ya maziwa ilikaa chumba cha ndani. Zamani hicho kilikuwa chumba cha Bibi Biira, nyanya yake Kabugho na mwenye kulianzisha duka, aliyeugua humo muda mrefu na kufia humo. Matanga yalipokwisha, Mama alitoa kitanda, akaingiza friza. Majirani wengine walikunja nyuso.

Msimu wa mvua ulipoanza, umeme ukawa wa kubahatisha. Maziwa yakaharibika mara mbili, na Mama akaamua kununua jenereta. Mjomba Benon ndiye aliyetumwa Kasese, na Kabugho akafuatana naye.

Dukani kulikuwa na jenereta za kila rangi. Mjomba Benon alizipita zote akasimama mbele ya moja nyekundu, iliyoandikwa ubavuni kwa tarakimu nene nyeupe: 1200.

"Namba kubwa, bei ndogo!" alisema muuzaji, mtu mwenye ulimi wa asali. "Mzee, hii inabeba nyumba nzima. Tazama."

Akachomeka balbu, akavuta kamba. Jenereta ikanguruma, balbu ikawaka kwa mwanga mweupe. Mjomba Benon akapiga makofi, na Kabugho naye akapiga. Hakuna aliyeuliza habari ya friza. Hata walipofika Muhokya wakirudi nyumbani, Mjomba bado alikuwa anaisifu mashine yake mpaka abiria wenzake wakasinzia.

Siku mbili hazikupita, umeme ukakatika. Ilikuwa alasiri, lakini mawingu yalikuwa yameshuka kutoka milimani na kuufunika mji, giza likaingia mapema. Mjomba Benon aliiweka jenereta nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake ni sumu, akaiwasha. Taa zikawaka. Friji ya soda ikaanza kuvuma. Televisheni ikaimba. Mama akatabasamu.

Ghafla taa zikafifia, zikawa za manjano, kana kwamba kuna mtu anazinyonya. Na kutoka chumba cha ndani ukaja mlio mzito, mrefu, wa kukoroma na kuugua: mmmmmm! Huko nje, sauti ya jenereta nayo ikalegea. Kisha, tak! Kimya. Taa zikarudia mwanga wake.

Watu wakatazamana. Mara taa zikafifia tena, na mlio ukarudi.

"Musimenta," alisema Mama Asifiwe, mteja wao wa miaka mingi kutoka ng'ambo ya mpaka, "mu chumba ile iko mutu?"

"Hakuna mtu."

"Sasa nani analia?"

Mama Asifiwe akachukua debe lake likiwa tupu, akatoka kinyumenyume.

Kabugho aliujua mlio ule. Hivyo hasa ndivyo Bibi alivyokuwa akiugua alipogeuzwa kitandani katika siku zake za mwisho.

Asubuhi yake maziwa yote yalikuwa yamechacha, ingawa jenereta ilikuwa imenguruma hadi watu wakalala. Hapo maneno yakapata miguu. Bibi kizee amekasirika, wamemtolea kitanda chake! Mwenyewe anagusa maziwa kwa mkono baridi, ndiyo maana yanachacha! Watoto wa jirani wakawa wanakimbia wakipita mlangoni. Kila umeme ulipokatika, taa zilififia, mlio ukaja, na mteja mwingine akapotea.

"Siku ya soko tunauza friza," Mama alisema jioni moja, macho yamemvimba. "Duka nafunga. Siwezi kuishi hivi."

Kabugho hakula siku hiyo. Duka kufungwa kulimuuma, lakini lililomchoma zaidi ni kwamba Bibi Biira, aliyemlea kwa upole wote ule, sasa alikuwa jina la kutishia watoto. Marehemu alikuwa amekosa nini?

Siku moja kabla ya soko, mawingu yakashuka tena na umeme ukaondoka. Mjomba Benon aliwasha jenereta shingo upande. Dukani alikuwamo Madamu Kukunda, mwalimu wa sayansi, aliyedai kwamba yeye hababaishwi na hadithi za mizimu.

Taa zikafifia. Mmmmmm!

"Yesu wangu!" Madamu Kukunda akapiga ukelele, na kidumu kikamponyoka mkononi.

Kabugho akaweka chini debe alilokuwa akilifuta. Akaelekea mlango wa ndani.

"Kabugho, usiingie humo!" Mama akaita.

"Mama, kama ni Bibi, hawezi kunidhuru."

Chumbani mlikuwa na giza na harufu ya maziwa yaliyochacha. Friza ilionekana kama kitanda kilichofunikwa shuka jeupe. Kabugho akasogea hatua kwa hatua mpaka akaweza kuinyooshea mkono, akaweka kiganja chake juu ya bati.

"Bibi?" akanong'ona.

Mlio ukaanza. Ukapanda kutoka sakafuni, ukamwingia mkononi hadi begani. Alitaka kukimbia, lakini hakuondoa kiganja, na kwa sababu alibaki hapo, akahisi jambo: bati lenyewe lilikuwa linatetemeka. Tak! Bati likatulia. Akangoja. Mlio uliporudi, bati likatetemeka tena.

Akatoka mbio. "Ni friza! Friza ndiyo inalia! Inataka kuwaka inashindwa!"

Madamu Kukunda, aliyekuwa ameshikilia fremu ya mlango, akajikohoza na kurudia sura yake ya ualimu.

"Umeme wa kawaida ukiwapo, inalia hivyo?"

"Hapana, Madamu. Ni kwa jenereta tu."

Wakatoka nje wote. Mjomba Benon akazima mashine, na Madamu akainama kuikagua. Chini ya mpini, nyuma ya karatasi ya tangazo la duka, palikuwa na kibati kidogo cha maandishi madogo. Kabugho akasoma kwa sauti: MAX, wati 1200. RATED, wati 900.

"Hiyo ya kwanza ndiyo waliyoichora kubwa," Madamu alisema. "Ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Ya pili ndiyo ambayo mashine inaweza kuitoa muda wote bila kuchoka. Ukinunua, hiyo ya pili ndiyo ya kuuliza."

"Lakini friza yetu inatumia mia tatu tu," Mjomba Benon akalalamika. "Fundi alisema."

"Mia tatu ikishaamka. Kabugho, debe la maji linakusumbua lini?"

"Nikijitwika. Likishakaa kichwani natembea tu."

"Friza nayo hivyo hivyo. Wakati wa kuamka inaweza kutaka elfu moja au zaidi. Na ninyi mmewasha friji ya soda, televisheni na taa zote. Kilichobaki hakitoshi. Inajaribu, inashindwa, inajizima isiungue. Ndiyo maana haipoi."

"Na yule mtu alituwashia balbu!" Mjomba akasema kwa hasira.

"Balbu moja hata jenereta ndogo kuliko hii ingeiwasha. Ulipaswa kumwambia una friza."

Wakachomoa kila kitu, wakaiwasha jenereta upya, wakaiacha itulie. Kisha Mama mwenyewe akachomeka friza peke yake. Taa ya jenereta ikapepesa. Mmm, ukaanza ule mlio, na Mama akafumba macho. Lakini haukurefuka. Ukakatika, ukageuka kuwa mvumo mwembamba, wa utaratibu, ule ule waliouzoea siku za umeme. Kabugho akangoja ile tak. Haikuja. Machozi yakamtoka bila kuombwa.

Siku ya soko aliyetaka kununua friza alifika, akaambiwa haiuzwi. Friji ya soda na televisheni ziliachwa zimezimwa hadi umeme urudi, na taa zikawa mbili. Mama Asifiwe naye alikuja kuchungulia, akashikwa mkono na Mama akaingizwa hadi chumba cha ndani akasikilize mwenyewe.

"Kumbe iko mashine tu!" akasema, akacheka kwa aibu.

Mama hakucheka. Aliwageukia Kabugho na Mjomba Benon.

"Tulinunua namba kubwa bila kuuliza maana yake. Tukasikia sauti, nayo hatukuuliza inatoka wapi. Kosa lilikuwa letu, na tukambebesha mtu aliyelala kaburini asiyeweza kujitetea. Kuanzia leo, katika nyumba hii, kitu usichokielewa unakiuliza kwanza. Kuogopa kutafuata baadaye, kama kutahitajika."

Kisha akatoka hadi barabarani, wapita njia wakiwa wengi, akasema kwa sauti kwamba Bibi Biira amelala salama na hakumkasirikia mtu yeyote.