Mti Haubaki Uchi

Nilitoka nyumbani jua likizama, kwenda kuangalia mti wetu tu.

Huku bondeni nyuma ya mtaa wa Hewa Bora, mvua zikizidi, kila nyumba huchomeka mti ukingoni mwa mto na kuufunga kitambaa chake. Maji yakigusa kitambaa chako, unabeba watoto na godoro, unapanda juu. Mume wangu Stanislas alikuwa mpakani Kasumbalesa na lori. Merdi wetu, miezi minane, nilimwacha amelala, mdogo wangu Gaëlle akimwangalia.

Mto ulikuwa unanguruma. Miti ya majirani ilikuwa imezama yote, lakini wetu ulisimama pakavu. Maji yaliuzunguka, yakaacha duara la udongo mkavu, pana kama sinia. Na kitambaa changu hakikuwapo.

Palikuwa na kofia ya Merdi.

Ile ya sufu, iliyopotea kwenye kamba Jumapili.

Nikasikia harufu... tope bichi, na sabuni ya mtoto.

"Usiondoshe, Mama Merdi."

Mama Edith, mjane jirani yetu, alikuwa ameketi ndani ya maji hadi kiunoni, kitambaa cheusi kichwani. Ndiye aliyemwogesha Merdi siku aliyozaliwa. Nami, kama ilivyo desturi yetu, nilimpa kitenge kilichompokea mtoto, na soda juu. Nilimpenda yule mama!

"Ni weye njo uliweka?" nikanong'ona.

"Mayi iko na njala. Inachukua mwenye kitambaa, inaachia bengine."

Nikaing'oa kofia.

"Basi funga ingine," akasema polepole. "Mti haibakiake uchi."

Maji yakaanza kuingia ndani ya duara. Chwa... chwa...

Sikufikiri mara mbili. Nilimvua kile kitambaa cheusi, nikakikaza mtini kwa nguvu zangu zote.

"Ikuchukue weye! Muloji, muchawi!"

Akacheka. Alicheka mpaka maji yakamwingia mdomoni.

"Angalia ndani."

Nikamulika kwa simu. Upande wa ndani ulikuwa umeshonewa kipande cha kitenge. Ndege wa manjano.

Kitenge cha Merdi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikigawa mwenyewe, nikicheka.

"Kofia nilifunga mi, mayi ikakataa," akanong'ona. "Ilikuwa inangoya mukono ya mama."

Nikavuta fundo. Nikalivuta kwa meno... Halikufunguka. Maji yakapanda, yakakifunika kitambaa, kisha mto ukanyamaza.

Kimya.

Halafu nikasikia yowe la Gaëlle.

Nilipofika nyumbani mbio, kitanda kilikuwa kikavu. Godoro kavu. Merdi tu ndiye aliyelowa, mdomo umejaa mchanga wa mto.

Kulipokucha maji yalikuwa yamerudi chini, na hakuna nyumba iliyochukuliwa. Kwenye kilio cha Merdi nilisema yote niliyoyaona. Majirani wakaniambia ninyamaze.

"Mama Edith iko muntu ya Mungu," walisema. "Alikuwa anatulindia mayi."

Na kwa kuwa ndiye aliyemwogesha mtoto akizaliwa, ndiye aliyeitwa amwogeshe kabla ya kuzikwa. Alipomaliza, alikunja kitenge tulichokuwa tumemfunikia, akaondoka nacho. Desturi ni desturi.

Sasa nina mimba tena, na mvua zimeanza. Jana Mama Edith alipita uani kwetu, akanitazama tumbo, akatabasamu kwa upole.

"Huyu pia, mi njo nitamuogesha."

Majirani walikuwa wanasikiliza. Nikasema asante, Mama.