Boti ya Viti Viwili

Haya yalimkuta shoga yangu Mwatum wa Shumba, mwanamke asiyejua kuongopa hata kwa faida yake. Siku ya Idi yeye na familia yake walikwenda mandari kwenye lile bwawa la kuchimbwa lenye bustani. Jua likizama, upepo ukaitupa majini kanga iliyomfunika mjukuu wake mchanga. Mtu mzima na akili zake, badala ya kuiacha ipotee, akapanda boti ya kukanyaga yenye viti viwili, peke yake.

"Mama, boti itazama kwa uzito huo," mkwewe Shamima akamtania.

"Uzito huu ndio uliomzaa mumeo. Mtazame mtoto."

Kanga akaipata. Wakati wa kurudi, giza limeshaingia, pedeli zikaanza kujikanyaga zenyewe. Akainua miguu. Zikaendelea, krii, krii, na boti imelalia upande wa kiti kitupu. Akasoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukamkauka. Boti haikusimama, ikampeleka moja kwa moja gatini.

Akashuka na kanga yake. Nyuma yake boti ikainuka taratibu, ikakaa sawa. Halafu mbao za gati zikalia mbele yake, moja baada ya moja, kuelekea kwenye mkeka aliolala mtoto.