Mtoto Hanyongwi

Oundo alikutwa amelala kifudifudi kwenye kibanda chake cha kuziba panchari, hatua chache kutoka foleni ya malori ya mpakani Malaba. Kichwa kilikuwa kimepasuka mahali pawili. Inspekta Zilpa Mugeni alimfunika kwa turubai, akanawa mikono, ndipo akaambiwa muuaji ameshapatikana.

"Amejileta mwenyewe kituoni, afande," konstebo alisema. "Ni binti wa kambo wa marehemu. Nimweke seli ya wanawake?"

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na nne."

"Mtoto hakai seli na watu wazima. Mpigie afisa wa watoto. Simuulizi kitu kabla hajafika."

Hakukasirika. Miaka kumi na saba ya kazi ilikuwa imemmalizia hasira. Alisema hayo kama mtu anayesoma orodha.

Afisa wa watoto, Aidah, alifika saa tano asubuhi, akaketi kando ya binti huyo. Jina lake lilikuwa Sharlyne.

"Si lazima ujibu," Aidah alimwambia. "Una haki ya kunyamaza, na haki ya kupata wakili."

"Nitajibu. Nilimpiga baba."

"Kwa kutumia nini?" Mugeni aliuliza.

"Mchi."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Mugeni aliandika. Hakumwambia kwamba majeraha yalikuwa mawili, membamba, ya chuma. Wala hakumwambia kwamba askari walikuwa wameopoa chuma cha kufungulia tairi kutoka chooni, nyuma ya nyumba yao.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

Sharlyne alimtazama Aidah, kisha akatazama sakafu. "Hapo mama hakuniambia niseme nini."

Nje, lori lilipiga honi ndefu. Mugeni alingoja honi iishe.

"Mama alikuambia nini?"

"Alisema mtoto hanyongwi. Nitapelekwa shule ya kurekebisha tabia, halafu nirudi. Lakini Robinson ana kumi na tisa. Yeye hatarudi."

Robinson, kaka yake, alikamatwa saa nane. Hakuwa amekimbia, ingawa Uganda iko ng'ambo tu ya mto. Alikubali kuzungumza bila wakili.

"Kile chuma ni nani alikitupa chooni?"

"Ni mimi, madam. Na ni mimi nilimpiga."

"Kwa nini?"

"Niliitwa jeshini. Baba alichoma barua ya kuniita mbele yangu, eti nani atamsaidia kazi ya tairi. Akacheka, akainama kuchukua jeki. Nikampiga. Akajaribu kuinuka. Nikampiga tena."

"Na dada yako?"



"Asubuhi nilimsikia mama akimfundisha ya kusema. Anarudia, anarudia. Mimi nilikunywa chai."

Mugeni alimpa kalamu atie sahihi.

Jioni mama yao, Teresa, aliingia kituoni na chakula kwenye kikapu. Sharlyne, ambaye sasa alikuwa huru, aliinuka kutoka kwenye benchi. Teresa alipita mbele yake, akaenda moja kwa moja hadi kaunta.

"Robinson mmemweka upande gani?"

Mugeni alivuta fomu mpya ya maelezo. "Mama Robinson, weka kikapu chini. Nina maswali kwako pia."

Sharlyne aliketi tena, taratibu, akamgeukia Aidah.

"Ameniona?"