Masikio na Gari Lisilonguruma

Kila asubuhi Mama Pacha aliosha gari lake kwanza, ndipo akaoga mwenyewe. Watoto wake walisema gari lile ni mtoto wa tatu, na ndiye anayependwa. Lilikuwa gari la umeme, naye alilifanyia kazi ya teksi. Kwa kazi hiyo aliwalisha pacha wake na mama yake mzazi.

Siku moja kiyoyozi kiliacha kutoa baridi. Jiwe la barabarani lilikuwa limetoboa bomba na gesi yote ikavuja. Mama Pacha hakuhangaika, maana mdogo wake wa kiume alikuwa fundi wa viyoyozi vya magari. Watu walimwita Masikio. Alikuwa akitega sikio kwenye injini na kutaja ugonjwa kabla hajashika spana. Tena katika ukoo wao, kumpa mtu baki kazi anayoiweza ndugu ni tusi.

Masikio akabadilisha bomba. Akajaza gesi. Akaongeza na oili, ileile anayotia kwenye magari yote. Baridi ikavuma, dada yake akamsifu mpaka akavimba kichwa.

Sifa zile hazikudumu. Kesho yake Mama Pacha alirudi mapema, uso umemshuka. Kiyoyozi kilitoa joto tupu, na kwenye dashibodi iliwaka taa ya onyo asiyoijua. Akaegesha uani, akashuka, akamwita mdogo wake.

Masikio alifungua boneti, akainama, akasikiliza. Kimya. Kwake yeye, gari lililonyamaza ni gari lililozimwa. Akasema ubovu uko kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, na kwamba atachomoa waya wake aone. Waya wenyewe ulikuwa mnene, wa rangi ya machungwa. Akanyoosha mkono.

"Usiguse. Rudi nyuma."

Aliyesema ni jirani yao, mwanamke aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua. Alikuwa fundi katika karakana ya mabasi ya umeme. Hakupiga kelele, lakini Masikio aliduwaa, mkono ukabaki hewani. Jirani akaja, akachungulia ndani ya gari, akawaonyesha dashibodi. Pembeni ya ile taa ya onyo iliwaka taa nyingine ndogo, ya kijani.

"Gari hili limewaka," alisema.

"Mbona halingurumi?" aliuliza Masikio.

"Halina injini ya kunguruma. Likisimama hulisikii kabisa. Na huo waya wa machungwa, kaka yangu, una umeme mkali kuliko wa nyumbani. Ungekushika, usingepata hata nafasi ya kutuita."

Mama yao alikuwa mlangoni anachambua mchele. Sinia likamtoka mikononi, mchele ukamwagika, wala hakuutazama. Alikuja moja kwa moja, akaushika mkono wa mwanawe, akaugeuzageuza kama anayetafuta jeraha. Masikio akaketi palepale vumbini.

Jirani alimwambia Mama Pacha azime gari, kisha akauweke ufunguo ndani ya nyumba, mbali nalo. Halafu akauliza walitia oili gani. Masikio akaleta chupa. Jirani aliisoma, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya magari ya petroli."

Akawaeleza. Kwenye gari la petroli, kompresa huzungushwa na mkanda wa injini. Kwenye gari hili, mota ya umeme imo ndani ya kompresa, na oili hupita kwenye nyaya za mota. Kwa hiyo lazima iwe oili maalumu, isiyopitisha umeme. Oili nyingine huufanya umeme uvuje. Gari lilikuwa limelitambua hilo, ndiyo maana likawasha onyo.

Mama Pacha alipigwa na butwaa. "Na mimi nimebeba abiria humo."

"Gari lina kinga zake, ndiyo maana mmefika salama. Lakini ukiona onyo kama hilo, egesha mahali salama, zima, toa watu, ita fundi aliyesomea umeme wa magari."

"Kumbe nimeliharibu mimi," alisema Masikio.

"Ni wewe. Lakini kuuliza si ujinga, na mlango wangu ndio ule."

Gari likapelekwa karakana juu ya lori. Masikio alifuatana nalo, akasimama pale alipoambiwa asimame. Mafundi walivaa glavu nene za mpira. Walikata umeme wa betri kubwa, wakasubiri, wakapima kwa mita. Walipohakikisha hakuna umeme uliobaki, ndipo wakagusa. Waliweka kompresa mpya, wakasafisha mabomba, wakatia oili inayotakiwa. Wakamwambia pia kwamba kwenye magari mengi ya aina hiyo kiyoyozi hupoza hata betri.

Mama Pacha akarudi kazini, na abiria wakaanza kumwomba apunguze baridi. Masikio naye alijiandikisha kusomea umeme wa magari.

Kabla hajamaliza mafunzo, mteja mmoja alimletea gari la umeme. Alikuwa na haraka. Alisema ni waya mmoja tu, auchomoe aangalie. Masikio akamwelekeza karakana.

"Wewe si ndiye Masikio?" mteja alimcheka. "Fundi mzima unaogopa waya?"

"Naogopa," alijibu Masikio. "Siku nilipokuwa siogopi, niliuona uso wa mama yangu."